Nani Alimtoa Nakiete?

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Nina kesi hapa, hukumu sina. Nimeizungusha kichwani mpaka kichwa kimeniuma, sasa nawatupia ninyi.

Pale Makanya, Upareni, palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Senyaeli alikuwa fundi redio, na kipaji chake kilikuwa masikio. Ukimpelekea redio iliyokufa haifungui kwanza. Anaiweka sikioni, anaitikisa kidogo, anakutajia ugonjwa wake.

Mgonja alikuwa msokota kamba za katani, na kipaji chake kilikuwa vidole. Alipitisha vidole juu ya kamba huku anapiga soga na wenzake, na palipolegea vidole vilisimama vyenyewe.

Mbonea alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kipaji chake kilikuwa macho. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajasalimia atakwambia picha yako ukutani imepinda. Wengine walikuwa hawamkaribishi kwa sababu hiyo.

Sasa, Mzee Mrindoko, dereva wa malori aliyestaafu, alinunua gari-nyumba. Mnalijua? Ni lori lililobebeshwa nyumba mgongoni: kitanda humo, jiko la gesi humo, feni ya darini humo. Dereva anakaa kwake mbele, na kutoka kwake huwezi kupita kwenda nyuma. Nyumba ina mlango mmoja tu, na kufuli lake hujifunga lenyewe mlango ukivutwa, ila kulifungua ni kwa umeme, kwa kubonyeza kitufe.

Mtu mwingine angeridhika. Mzee wetu akalipeleka kwa Mbonea. "Nitalalaje kwenye nyumba isiyo na nondo?" Basi madirisha yote yakapigwa nondo, na tundu la ufunguo likazibwa kwa bati, ati wezi wasije wakalichokonoa.

Mbonea alimuuliza, "Baba, umeme ukigoma utaingilia wapi?"

"Ugome kwa nini? Kwani mimi sijui magari? Chomelea!"

Akachomelea. Mnaguna? Ngojeni kwanza, bado.

Siku ya gulio Mzee aliegesha gari kando ya barabara, gurudumu moja la nyuma likiwa limezama mtaroni. Mkewe, Mama Elinazi, aliinjika maharage, kisha akashuka kununua vitunguu kwenye meza ya jirani. Ndani alibaki mjukuu wao Nakiete, mtoto asiyefika hata miaka minne. Nakiete akaona mlango uko wazi, akauvuta. Kla! Ukajifunga.

Bibi akarudi, akabonyeza kitufe cha nje. Kimya. Akaja Mzee, akabonyeza yeye kwa kidole cha mtu anayejua magari. Kimya vilevile. Wakati bado wanatazamana, wakasikia harufu ya maharage yanayoungua, na moshi ukaanza kupenya pembeni mwa mlango.

Jamani! Mimi nilikuwapo, na mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka. Mzee alivunja kioo kwa jiwe, akazishika nondo na kuzitikisa kama mwendawazimu. Hazikutikisika. Fundi alikuwa ameifanya kazi yake. Mashine yake ya kukatia vyuma inataka umeme, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika kijiji kizima. Ndani mtoto alikuwa analia, kisha akaanza kukohoa.

Hapo ndipo Mzee Mrindoko alipopaza sauti mbele ya gulio zima: "Atakayemtoa mjukuu wangu, gari hili ni lake! Mmenisikia? Lake!"

Senyaeli alifika wa kwanza. Akaweka sikio ubavuni mwa gari, akainua mkono watu wanyamaze. "Hata feni hailii," alisema. "Betri ya nyumba imekufa." Akaingia uvunguni, akavuta nyaya kutoka betri ya lori la vitunguu lililokuwa jirani, akaunganisha. Feni ikaanza kuunguruma, moshi ukavutwa juu, mtoto akapata pumzi. Wakabonyeza kitufe. Mlango haukusema kitu.

Mgonja akapiga magoti kwenye ngazi ya mlango. Akaukamata waya unaokwenda kwenye kufuli, akaupitisha vidoleni polepole huku watu wanamfokea aharakishe. Vidole vikasimama. Kwa nje waya ulionekana mzima, lakini ndani ya mpira wake ulikuwa umekatika. Akaumenya kwa meno, akausokota alivyozoea kusokota kamba. Wakabonyeza. Kufuli likalia ta, ta, ta. Mlango haukufunguka.

Mbonea alikuwa amesimama mbali, hathubutu kusogea. Nyote mnajua kwa nini. Lakini macho yake yalikuwa kazini. "Gari limepinda!" akapiga kelele. "Gurudumu liko mtaroni, fremu inaubana ulimi wa kufuli!" Akachukua jeki ya lori, akainyanyua kona ile mpaka mlango ukakaa sawa kwenye fremu yake. Wakabonyeza. Ulimi wa kufuli ukatoka nusu, ukakwama. Mota ilikuwa imechoka, ilihitaji mtu wa ndani avute mkono wa mlango wakati uleule.

Na mtu wa ndani ni nani? Ni Nakiete, na kelele zetu zilikuwa zimemtisha akajificha chini ya kitanda. Tulimwita sote kwa pamoja, akazidi kujificha. Kisha akanyamaza kabisa. Ule ukimya, ndugu zangu, sitaki kuusikia tena maishani.

Mama Elinazi akageuka. "Fungeni midomo yenu, nyote!" Akapanda juu ya kreti, akaweka mdomo katikati ya nondo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtoto kula: "Nakiete, mama, yule mbuzi amekuja. Mkia wake ni ule mkono wa mlango. Njoo umvute kama tulivyocheza jana." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti haikutetereka. "Njoo, mama. Tambaa hivyohivyo. Umeushika? Haya, mvute mbuzi!"

Mzee akabonyeza. Mlango ukafunguka, na mtoto akaanguka mikononi mwa bibi yake, mweusi kwa masizi, mzima. Mzee Mrindoko alikaa chini vumbini, akalia bila kujificha.

Haya. Machozi yalipokauka, Wapare tukawa Wapare. Kesi ikafunguliwa palepale mbele ya wazee wa gulio.

Senyaeli akasema, "Bila mimi feni isingevuta moshi, mngetoa maiti. Gari langu."

Mgonja akasema, "Umeme wako uliishia kwenye feni. Nani aliufikisha kwenye kufuli?"

Mbonea akasema, "Mngebonyeza mpaka jioni. Mlango ulikuwa umebanwa, na mimi ndiye niliyeunasua."

Mtu akamrukia, "Wewe Mbonea huna haya! Si wewe uliyeziba tundu la ufunguo?"

"Niliziba kwa amri, na nilionya. Mwulizeni mwenyewe." Mzee Mrindoko akainamisha kichwa.

Wazee wakashindwa. Mmoja wao akaona isiwe taabu, akamwuliza mtoto, "Nakiete, nani alikutoa ndani?"

Mtoto hakufikiri hata kidogo. "Bibi."

Gulio zima likapigwa na butwaa. Maana bibi akishinda, gari linabaki nyumbani kwa Mzee Mrindoko, na ahadi yake haitamgharimu kitu.

"Hii ni janja!" Senyaeli alipiga kelele. "Mtoto atamtaja nani zaidi ya bibi yake?"

"Mimi sijamfundisha neno," alisema Mzee.

Mama Elinazi alimpakata mjukuu vizuri, akatutazama mmoja mmoja. "Gari silitaki, mpeni mnayemtaka. Ila asisimame mtu mbele yangu akasema mimi sikumtoa."

Kesi iko wazi mpaka leo, na gari limeegeshwa kwa mwenyekiti wa kijiji, hakuna anayelala ndani.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nianze. Ufunguo wa kesi nimekukabidhi. Gari utampa nani, na hao wengine utawaambia nini?