Kibuyu cha Mama Kokoto

Nimekuja na kibuyu.
— Kina nini ndani?
Kina ngano.
— Kimimine tunywe.
Kikinimwagikia?
— Tutakucheka.
Basi anzeni kucheka mapema, maana ngano yenyewe ni ya kuchekwa.

Alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, hana pembe. Alichokuwa nacho ni akili, na aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe. Shule aliiachia darasa la sita, tumbo lilipoanza kuonekana, lakini alijihesabu msomi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Kokoto. Tangu hapo wanyama wote wakamwita Mama Kokoto, naye akavimba kichwa zaidi.

Nchi ile ilikuwa na desturi moja. Mnyama akinywa maziwa ya mama fulani akashiba mara tano, basi ni mtoto wa mama yule, hata kama ana mama yake nyumbani. Simba alipokuwa mdogo alinyonya kwa Mbuzi, na mpaka leo wakikutana njiani humwamkia shikamoo na kumpisha. Desturi hiyo iwekeni mfukoni.

Kokoto alipofikisha miezi mitatu, unga ukaisha pangoni. Pimbi ikambidi arudi kwenye kazi aliyoianza alipoacha shule.

"Utaweza kweli, mwanangu?" akauliza mama yake, Bibi Kokoto.

"Mama, nimeshapanga kila kitu."

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Fisi, mwenye banda la kubangua korosho. Fisi alikuwa na taya la kuvunja mfupa wa nyati, na amri yake ilikuwa moja: anayeingia jua likichomoza atoke jua likizama.

"Na mtoto asiletwe hapa," akasema. "Atakula korosho zangu."

"Hana meno, Bwana Fisi."

"Ataota."

Basi mpango wa Pimbi ulikuwa huu. Mchana atakamua maziwa, atayatia kwenye kibuyu, kibuyu atakitumbukiza kwenye mtungi wa maji nyuma ya banda kipoe. Jioni atakipeleka nyumbani, na kesho yake Bibi atamnywesha Kokoto kwa kijiko. Mpango mzuri. Aliusimulia kwa kila mtu, na Fisi alikuwa mmojawapo.

Siku ya kwanza akakaa kubangua, ko, ko, ko. Kifua kikajaa, kikawa kigumu kama jiwe alilokalia. Vichakani vifaranga vya Kwale vikalia, chii, chii. Pimbi hakuwa na habari navyo, lakini maziwa yake yalikuwa nayo. To, to, to, yakadondokea kwenye ungo.

"Nani analowesha korosho zangu?" akauliza Fisi.

"Paa linavuja, Bwana Fisi," akasema Pimbi. Na ilikuwa kiangazi.

Mchana akanawa mikono kwa majivu, maana mafuta ya maganda ya korosho huunguza. Akakamua, chwi, chwi, kibuyu kikajaa. Jioni akaenda kwenye mtungi. Kibuyu kikavu, kau.

"Jua limeyakausha," akasema Fisi, anajilamba midomo.

Wenzake wa bandani wakampa ushauri, na wote walikuwa wa kutaga.

"Mimi nikishataga nafukia, nakwenda zangu," akasema Kobe. "Wewe unahangaika nini, shoga?"

"Kunywa maji mengi," akasema Kwale, ambaye hana hata chuchu.

Siku ya pili Pimbi akakificha kibuyu. Akakificha vizuri, vizuri mno. Fisi kwa pua yake akakipata mara moja. Gugu, gugu, gugu. Pimbi mwenyewe alikitafuta mpaka jua likazama, na alipokipata, kikavu, kau.

Siku ya tatu akapaka mafuta ya maganda kwenye kizibo, ili mwizi aungue. Lakini Fisi ana vidole sugu, kazi ya miaka mingi. Gugu, gugu, gugu. Jioni Pimbi akaenda mbio kuona kilichobaki, akakizibua kibuyu kwa meno, kama alivyozoea. Akarudi nyumbani midomo imemvimba kama ya kiboko.

"Umepigwa na nani?" akauliza Bibi.

"Na akili," akasema Pimbi.

Siku ya nne kikavu, kau. Siku ya tano kikavu, kau. Na siku hiyo ya tano kibuyu hakikuwa kimejaa tangu mwanzo, kwa kuwa hofu nayo ilikuwa imeanza kuyala maziwa kutoka ndani. Jioni akampakata Kokoto, akampa ziwa. Kokoto akavuta, akavuta, akaliachia, akalia. Nyee, nyee. Mbavu zake zilianza kuonekana.

"Leo nimempa maji ya uji," akasema Bibi. "Ameyatema. Mwanangu, ukiendelea hivi maziwa yatakatika kabisa, na huyu hatufiki naye mbali."

Pimbi, msomi, alikaa na mtoto wake mapajani akaanza kuhesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Hesabu ndilo somo aliloishia shuleni. Akahesabu tena.

Siku ya sita hakukamua. Alikaa katikati ya banda, akaangua kilio.

"Unalia nini?" akauliza Kobe.

"Namlilia huyo mwizi wangu, maskini. Maziwa yetu sisi wa majabalini ni makali. Mnyama mnyonge akiyanywa siku tano, ya sita miguu inalegea, anaanguka. Naona ni Panya. Itakuwa Panya, nani mwingine? Ana watoto wadogo."

"Panya wa watu," akasema Kwale.

Fisi aliyasikia hayo, na moyo ukamuuma. Anywe yeye, sifa apewe Panya?

"Panya gani?" akasema. "Panya anaweza kumaliza kibuyu? Nimekunywa mimi."

"Hata, Bwana Fisi," akasema Pimbi. "Labda ulionja mara moja."

"Siku tano nimekunywa. Tano, na kila siku nimeshiba. Itazameni hii miguu." Akaikanyaga chini, gubu, gubu, korosho zikaruka kwenye nyungo.

Kobe, ambaye husema polepole kama anavyotembea, akatoa shingo.

"Mara tano?"

"Tano."

"Na umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi mwamkie mama yako."

Fisi akageuka huku, akageuka kule. Wote walikuwa wamesikia. Kumkana mama wa maziwa ni jambo ambalo hata Simba hakuthubutu, na Simba angepata habari, angekuja kuuliza. Fisi akainama, mkia katikati ya miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nenda pangoni ukamlete mdogo wako. Ana njaa. Umshike shingo vizuri."

Fisi akaenda, akarudi amembeba Kokoto mgongoni kwa mbeleko. Pimbi akanawa kwa majivu, akajiweka sawa, wote wanamtazama, akampa mtoto ziwa. Kokoto akasikia harufu ya korosho, akageuza uso, akalia. Nyee, nyee. Pimbi akabembeleza, wapi. Akili zote zikamwishia palepale. Ni Fisi aliyeanza kuyumba huku na huku, anaimba kwa sauti yake mbaya, "Nyonya, mdogo wangu, nyonya." Kokoto akanyamaza kumshangaa, mdomo wazi, na ziwa likaingia. Baada ya siku chache za kuletwa kila mchana, maziwa yakarudi, na mbavu zikapotea.

Lakini kila Kokoto akinyonya, Fisi hukaa karibu na kumeza mate.

"Mama, na mimi?"

"Wewe nimeshakuachisha ziwa."

Ndipo Fisi huangua kilio kikubwa kuliko cha Kokoto, na Pimbi, mwenye akili, aliyetaka kulea mtoto mmoja, huacha kazi akabembeleza wawili.

Fundisho lake, kina mama mnaorudi kazini: maziwa yenu msiyafiche. Yaacheni wazi, tajiri wenu anywe mpaka ashibe. Na mkikwama, muulizeni anayetaga.

Kibuyu changu kimekwisha.
— Kikung'ute.
Nimekikung'uta, kikavu.
— Kau.