Kozi ya Dakika Nne

Wahenga waliposema njia ya mwongo ni fupi, walimaanisha kwamba uongo hauendi mbali kabla ya kuumbuka. Uongo wa Maaike Hoekstra ulikoma kando ya kitanda cha mgonjwa.

Maaike alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika hospitali moja ya Groningen, Uholanzi. Pale mwanafunzi hagusi mrija wa kulishia mgonjwa mpaka amalize kozi ya mtandaoni ya saa mbili na kufaulu jaribio lake. Wenzake waliimaliza kwa jasho. Yeye aliyakuta majibu kwenye kundi la simu la wanafunzi, akayabonyeza huku akitafuna mkate na jibini, akapata mia kwa mia.

Asubuhi hiyo aliwekwa chini ya macho ya muuguzi, Sista Geesje, amtie mrija mzee Wiebe, mkulima wa viazi ambaye kiharusi kilimzuia kumeza.

"Binti, umejifunza kweli, au ndiyo unajifunzia kwangu?" mzee aliuliza.

"Nimeisoma kozi yote, mzee. Usiwe na shaka."

Mrija ukaingia puani. Mzee akakohoa. Maaike alipoinua chupa ya maziwa ya kumlishia ayamimine mrijani, sista akamdaka mkono.

"We! Umejuaje kama uko tumboni?"

"Umeingia wote, sista."

"Hata kwenye pafu ungeingia wote! Kozi inasema upime nini kwanza?"

Maaike akautazama mrija kana kwamba jibu limeandikwa pale. Sista akavuta mrijani kwa bomba la sindano. Halikutoka hata tone la maji ya tumbo. Akauchomoa mrija, kisha akafungua kompyuta kutazama kumbukumbu za kozi.

"Dakika nne! Kozi ya saa mbili! Ulikuwa unaisoma au unaipungia mkono?"

Uso wa Maaike uliiva kama nyanya. Wagonjwa watatu wa jirani waliacha magazeti yao wakamkodolea macho. Mzee Wiebe hakufoka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nimekuuliza vizuri tu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ungesema hujui, ningekusubiri."

"Nilidanganya, mzee. Nisamehe."

"Nimesikia. Lakini leo anitie sista."

Maaike alibaki miguuni pa kitanda, mikono mitupu, akiitazama kazi yake ikifanywa na mwingine, wala hakuthubutu kuinua macho yakutane na ya mzee. Alidhani uongo ule ungemfikisha kwenye udaktari. Haukumvusha hata asubuhi moja. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.