Digidigi na Fisi Mpima Nafasi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba, majiko na vyuo vyao, Digidigi alitaka kusomea uzamivu wa uchumi. Ndiyo shahada ya juu kabisa. Ukiipata unaitwa Daktari hata kama hujui kuchoma sindano!

Langoni mwa chuo alimkuta Fisi, miwani puani, amejipachika cheo cha Mpima Nafasi.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Lete karatasi!" Akazipekua haraka haraka. "Hisabati, eti nzuri. Barua za walimu, eti tatu. Na hili andiko, bei ya karanga wakati wa kiangazi! Kwa-kwa-kwa! Rudi ukalime. Nafasi yako ni sifuri!"

Digidigi akazikusanya karatasi zake. Kando yake Nyati, jitu zima, alikuwa akilia kwikwi. Pundamilia ameshachana karatasi zake. Na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa adhuhuri!

Digidigi akajificha kichakani, akalia kidogo. Kisha akanyamaza ghafla. "Ala! Mbona Fisi hata ukurasa wa pili hakuufungua?"

Akazitia karatasi zilezile ndani ya jalada jipya, akaandika juu: *Mpwa wa Simba*. Akarudi mbio.

"Mjomba, mzee Simba anauliza, mpwa wake ana nafasi?"

Fisi akasimama wima. "Lo! Hisabati safi! Barua tatu, si mchezo! Na hili andiko la karanga, mashallah! Asilimia mia!"

"Sijasikia vizuri, mjomba."

"ASILIMIA MIA!"

Wote wakageuka. Digidigi akalivuta jalada, chwaa, karatasi zikabaki wazi! "Hebu soma jina hapo."

"Di... Digidigi."

Kobe, karani wa chuo, akachungulia dirishani. "Wewe Fisi! Si na wewe umeomba nafasi hapahapa? Kumbe unawafukuza wenzako!"

"Hoo! Mwongo!" wakapiga kelele. Fisi akatimua mbio, miwani huku, yeye kule.

Nyati akafuta kamasi, akakimbilia dirishani. Pundamilia akaomba gundi. Digidigi alikuwa ameshatangulia; karatasi zake zikagongwa muhuri, pa!

Mwezi uliofuata barua zikatoka. Digidigi amekubaliwa, Nyati pia. Pundamilia akaambiwa ajaribu mwakani. Fisi je? Andiko lake lilikuwa na kichwa cha habari tu.

Basi wanangu, msikubali kupimiwa nafasi yenu na mtu anayeitaka yeye.