Gavana Aliyeshuka Kitini

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika wema kwamba mji wa Sahliya, zama ulipokuwa chini ya wafalme wa ng'ambo, ulikuwa na wakili mcha Mungu aliyeitwa Muntasir bin Waddah. Alisoma sheria ya dini kwa masheikh wa mji, kisha akavuka bahari akasoma sheria za watawala, akarudi na elimu zote mbili bila ya kuacha sala hata moja. Mlango wa mahakama ndio uliokuwa baraza lake. Mnyonge akija hajui aanzie wapi, Muntasir humsikiliza mpaka mwisho, kisha husimama mbele ya hakimu akayasema yale yale. Sheikh wake alimuusia siku ya kuagana: "Wewe ni ulimi wa mtu mwingine. Usimuongezee, usimpunguzie. Siku ya Kiyama utaulizwa maneno yake."

Mwenyezi Mungu akamnyanyua. Watawala walipoona watu wanamwamini, walimfanya Gavana Mkuu wa nchi nzima, na kabla yake hakuna mzalia aliyepata kukikalia kiti kile. Lakini walimwekea sharti, naye akaliapia kwa jina la Mola wake: awapo juu ya kiti atasema kwa lugha ya watawala peke yake, na wananchi watamfikia kwa kinywa cha mkalimani.

Mkewe, Bi Lubaba, alipolisikia sharti hilo alimtazama sana. "Kwa hiyo mama yako, Mungu amrehemu, angekuwa hai akaja kukujulia hali, angemtafuta mkalimani kwanza?"

Muntasir alicheka, lakini akaisogeza kando sahani ya chakula.

Ikawa siku ya kusikiliza mashtaka, akaletwa mjane wa mtaa wa wafinyanzi, Bi Khaizurani. Mlinzi alimzuia mlangoni. "Bibi, vua makubadhi. Hilo ni zulia la Gavana."

"Zulia ninalolivulia ni la msikitini," akajibu, akapita nayo.

Mwanawe wa pekee, Ghassani, alikuwa kifungoni. Askari walikuja kukifunga kisima cha wakfu alichokiacha babu yake, ili maji yapelekwe kwenye bustani za wakubwa. Kijana akakaa juu ya mdomo wa kisima, akakataa kuondoka. Askari mmoja akadai kwamba amepigwa. Likithibiti hilo, kijana atahamishiwa kisiwani maisha yake yote, na kisima kitakuwa mali ya serikali.

Bi Khaizurani alinyanyua kidole chake cha shahada. "Mwanangu hakumpiga mtu. Alikaa tu, na mtaa mzima ulimuona. Sikuja kuomba huruma, nimekuja kutaka haki. Na umwambie huyo aliyekaa juu: alikuwa wakili wetu, akizijua shida zetu kabla hatujafumbua mdomo. Leo tunamwona kama sanamu. Amwogope Mungu."

Mkalimani alikuwa mzee Shaddadi. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kwamba watawala hupenda kuombwa na huchukia kudaiwa, na kwa ujuzi huo alikwisha kuwaokoa wengi. Akainama, akasema kwa lugha ya watawala: "Mtukufu, mama huyu anakiri kosa la mwanawe. Anasema ni ujana tu. Anakubusu miguu, anaomba msamaha."

Naibu wa Gavana, mtu wa ng'ambo, aliinama upande wake akamnong'oneza: "Msamehe. Kijana arudi kwao, kisima kibaki kwetu, na kila mtu aridhike."

Lilikuwa neno moja tu: nimemsamehe. Kijana angerudi kwa mama yake siku ile ile. Lakini mama angerudi mtaani ameungama asichoungama, na watu wangekosa maji kwa ungamo ambalo halikutoka kinywani mwake. Katika ukumbi ule waliojua lugha zote mbili walikuwa wawili, na wa tatu wao alikuwa Mwenyezi Mungu.

Bi Khaizurani alimgeukia Shaddadi. "Mbona umefupisha? Mbona huyo bwana anatabasamu? Umesema niliyoyasema?"

"Nimekusaidia, mama. Nyamaza."

"Sikukuomba unisaidie. Nilikuomba useme."

Muntasir aliposikia hivyo, wasia wa sheikh wake ulimrudia wote. Kiapo kilimfunga ulimi: awapo kitini, maneno ya mama ni yale ya mkalimani tu, na kiapo ni kiapo. Basi akavua joho la ugavana, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akashuka ngazi taratibu, akasimama kando ya mama, pale asimamapo wakili.

"Mtukufu, unafanya nini?" naibu akauliza.

"Kesi hii ihukumu wewe. Mimi ni wakili wa mama huyu."

"Na ukimaliza utarudi kitini?"

"Aliyemtetea mmoja hahukumu baina ya wawili. Hilo nililisoma kwenu. Na kiti ambacho nikikikalia siwezi kumsikia mama huyu, sikitaki tena."

Kisha akatafsiri. Akasema kwamba kijana hakupiga, kwamba mtaa ulishuhudia, kwamba mama anataka haki. Alipokaribia maneno ya mwisho, Shaddadi akamvuta mkono. "Hayo yaache, bwana wangu. Ni matusi kwako."

Hakuyaacha. "Na anasema: aliyekaa juu alikuwa wakili wetu, akizijua shida zetu kabla hatujafumbua mdomo. Leo tunamwona kama sanamu. Amwogope Mungu."

Akamgeukia mama, akamuuliza kwa lugha yao: "Nimeacha kitu?"

"Hujaacha kitu, mwanangu."

Naibu hakuwa na ungamo tena la kuegemea. Akawaita mashahidi wa mtaa, na yule askari, alipoambiwa aape mbele yao, akakataa kuapa. Ghassani akaachiwa, kisima kikabaki wazi. Muntasir akaondolewa katika nyumba ya serikali kabla mwezi haujaandama, akarejea mlangoni pa mahakama, akaishi hapo kwa riziki ndogo na ibada nyingi. Siku aliyofariki, watu wa mtaa wa wafinyanzi walijipanga njia nzima, wakapokezana mitungi ya kisima kile mkono kwa mkono mpaka nyumbani kwake. Kwa maji hayo akaoshwa.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu amebebeshwa maneno ya mtu asiyeweza kufika alikofika yeye. Tuyafikishe kama tulivyopewa, hata yanapotuchoma wenyewe. Kwani kuna siku tutasimama mbele ya Mola wetu, na baina yetu na Yeye hapatakuwa na mkalimani.