Mama wa Kijapani Aliyeng'olewa Garini

Mimi nakijua Kijapani. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililirudia, lakini Kijapani nakijua. Ni sentensi moja tu. Na hiyo moja sijui maana yake, ila naitamka vizuri kuliko mtu yeyote hapa Soni, na mkitulia mtaisikia.

Kinywa cha kupachikwa hakijui siri ya nyumba. Ndiyo methali mliyomsikia mama yenu akiitamka asubuhi, alipopata habari kwamba mpangaji wetu mpya, ambaye hata wiki mbili hajamaliza, amekwenda kumweleza balozi wa nyumba kumi kuwa mbuzi wetu analala jikoni. Mmeniuliza imetoka wapi. Mwalimu wenu atawaambia imetoka kwa wahenga. Wahenga wenyewe ndio sisi, na mmoja wao ndiye huyu anayeambua maharage mbele yenu. Methali hii haikuanzia mbali. Ilianzia kwenye hicho kiti mlichokalia. Kaeni vizuri, na msivute hicho kitambaa cha mgongoni, nimekifuma kwa mikono yangu miezi mitatu.

Hicho kiti ni cha gari. Kaka yangu Shekiondo, babu yenu, alipostaafu kiwanda cha chai alinunua gari la familia, lile refu la mlango wa kusukuma, lililokwisha kutumika Japani. Lilikuja na vitu vyake vyote vya kiwandani: redio, kamera ya kutazama nyuma, vitufe vya kuongeza sauti kwenye usukani. Na lilikuja na mama mmoja. Kila ukiwasha, sauti yake ilitoka redioni, laini kama ya mkwe mpya: "Kaado ga sonyu sarete imasen."

Hakuna aliyejua anasema nini, kwa hiyo kila mtu alijua. Babu yenu alisema ni salamu, na kila asubuhi alimwitikia marahaba. Wifi yangu, bibi yenu, alisema yule mama anamwonya mzee apunguze mwendo. Mimi nilisema anauliza kwa nini ameletwa milimani kwa watu wasiojua kunyamaza.

Ubaya wa redio ile ni kwamba ilishika stesheni moja tu, ya mahubiri, nayo kwa kukoroma. Baba yenu Semboja, wakati huo kijana anayejipaka mafuta mpaka shingoni, ilimkera. Akampata fundi mmoja Korogwe aliyeitwa Fundi Waya. Fundi akasema njia ziko mbili. Ya kwanza, redio ya kiwandani ibaki, aiongezee kidude kidogo nyuma ili ishike stesheni nyingine. Ya pili, aing'oe, apachike redio kubwa ya kioo cha kugusa, inayoungana na simu bila waya.

Nyumba ikagawanyika. Babu yenu alitaka kidude kidogo. Alisema kilichozaliwa na gari kinalijua gari, na kwamba fundi akishaanza kukata nyaya hakati moja. Semboja alisema hawezi kuwapandisha wakwe zake kwenye gari linaloongea Kijapani, wataona tumeliiba bandarini. Wakanigeukia mimi, shangazi, niamue. Mimi nilitaka kusikiliza taarabu. Nikasema ipachikwe.

Gari likaenda Korogwe, likarudi na kioo kipana kinachowaka rangi saba. Yule mama wa Kijapani alirudi ndani ya mfuko wa unga, nyaya zikining'inia, na babu yenu akamweka juu ya kabati karibu na saa ya ukutani. Kamera ya nyuma ilikufa siku ileile. Vitufe vya usukani navyo vikawa mapambo. Lakini nani aliyejali? Simu ilikuwa mfukoni mwa Semboja, wimbo unatoka milangoni mwa gari. Fundi alimwambia simu ikipigwa, redio inaipokea yenyewe, dereva hagusi kitu. Tulipiga makofi. Wanangu, tulikipigia makofi kitu kilichokuja kutuvua nguo.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Semboja alikuwa ameposa Mombo, kwa Mkunde, mama yenu. Mkunde alilelewa na mjomba wake, Mzee Kupaza, mtu mrefu, mkavu, anayesema neno moja kisha anasubiri uone aibu. Posa aliipokea, lakini akasema neno la mwisho atalitoa akishaiona kwa macho nyumba atakamokaa binti yake. Akikubali, ndoa. Akikataa, Semboja arudishiwe kanga na sukari zake. Kijana alikuwa hali, halali, amekonda mpaka mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya.

Na nyumba yake ilikuwa na nini? Sebuleni mlikuwa na kigoda kimoja na baiskeli. Basi tukafanya kama watu wote wafanyavyo wageni wazito wakija: tukaazima. Makochi tuliazima kwa jirani yetu Hozza. Meza ya kioo ikatoka kwa mtu wa duka la dawa. Vitambaa vya kufunikia makochi nilivitafuta mimi.

Siku ya siku tukateremka Mombo kuwachukua wageni, wifi akabaki nyumbani kupanga vitu. Semboja aliendesha, babu yenu kakaa mbele naye. Nyuma nilikaa na Mzee Kupaza na dada yake Bi Nyange, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye macho yanayohesabu. Mkumbuke kwamba kwetu kijana anayeposa hafungui kinywa mbele ya wakwe mpaka wao wamsemeshe. Semboja alikuwa bubu toka Mombo, jasho linamtiririka kwa adabu.

Tukaanza kupanda kona. Ili kuwachangamsha wageni nikamweleza Bi Nyange habari za sebule ya kijana wetu, makochi jinsi yalivyo laini, na vile vitambaa nilivyovifuma mwenyewe miezi mitatu, uzi mweupe, ua katikati. Bi Nyange akasema atapenda kuviona. Nikasema ataviona.

Hapo ndipo muziki ulipokatika, na sauti ya wifi ikajaa gari zima, kutoka milango yote minne na kutoka chini ya viti.

"Semboja mwanangu, makochi ya Hozza yameingia. Ila moja limegoma mlangoni, limevunjika mguu. Tumelitegemeza kwa tofali. Usije ukamkalisha mjomba mtu upande wa dirishani."

  Babu yenu alitazama mbele kama aliyepigwa msumari. Bi Nyange alibaki na kipande cha muwa mdomoni, hakitafuni, hakitemi.  Semboja hakuweza kusema kitu kwa sababu ya adabu, na simu hakuweza kuitoa mfukoni kwa sababu ya kona. Akanyoosha kidole agonge kioo kile kizime. Gari likaruka shimo, kidole kikateleza, sauti ikaongezeka.

Nikaona niokoe jahazi. Nikasema, "Mchezo wa redio huo. Saa hizi ndipo wanapouweka."

Mzee Kupaza akakaa sawa kitini. "Mchezo mzuri," akasema. "Tuusikilize."

Na wifi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kusikilizwa kidogo. Akaendelea. "Mbona kimya? Wakwe wako karibu? Basi usiseme kitu. Kama wako karibu, kohoa mara moja."

Na baba yenu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mama yake neno, akakohoa.

"Haya," redio ikasema. "Sikiliza tu. Hozza ana wageni wake alasiri, anayataka makochi kabla ya hapo. Kwa hiyo hao wazee wale upesi upesi, muwaondoe. Mimi ubwabwa nauepua sasa hivi."

Mzee Kupaza akainama mbele, taratibu, mpaka kichwa chake kikawa katikati ya baba na mwana. Akaisemesha redio kwa heshima zote, kama anayezungumza na mtu mlangoni.

"Mama, hapa ni Kupaza wa Mombo. Tumebakiza kona chache. Makochi mrudishie mwenyewe sasa hivi, asije akaaibika mbele ya wageni wake."

 Tukasikia sufuria ikianguka. Halafu sauti ndogo, ambayo sikuijua kama ni ya wifi, ikasema, "Shikamoo." Simu ikakatika, na taarabu ikaendelea palepale ilipoishia.

 Babu yenu ndiye aliyesema wa kwanza, naye hakumgeukia mtu. Alikuwa anakitazama kile kioo cha rangi saba. Alisema yule mama wa Kijapani kakaa nao mwaka mzima, kasikia ugomvi wao wote na madeni yao yote, na hajatoa neno hata moja ambalo mtu angelielewa. Kisha akasema: "Kinywa cha kupachikwa hakijui siri ya nyumba."

Ndipo ilipozaliwa, hapo, kwenye zile kona. Lakini msinyanyuke, maharage hayajaisha na mimi bado sijamaliza.

Tulifika tukakuta sebule tupu. Wifi alikuwa ametii. Makochi yamekwenda, limebaki tofali katikati ya chumba. Kigoda kimoja, baiskeli, na tofali. Mzee Kupaza alisimama mlangoni akaitazama nyumba ile, dari mpaka sakafu.  Babu yenu alitoka nje na spana, akafungua kiti cha nyuma cha gari, akakibeba yeye mwenyewe na mwanawe, wakakiweka ukutani. Ndicho hicho. Wageni wakakaa. Boliti zilipotea siku ileile na hakijarudi garini mpaka leo.

Wakala wali, wakala maharage, wakanawa. Mzee Kupaza akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. Wifi alikuwa nyuma ya pazia, nikaliona linatetemeka.

"Mmetaka kunikalisha juu ya tofali," akasema. "Sikulipenda hilo, na nitalisema Mombo. Lakini binti yangu simwozi kwa kochi. Nimekuja kumtazama mwanamume. Kijana ambaye mama yake anamwambia akohoe, na aibu yote ile, na wakwe mgongoni, akakohoa, huyo mkewe akimwambia jambo atalifanya. Nimekubali."

Pazia lilianguka na wifi ndani yake. Semboja alilia mbele za watu. Hata mimi nilijifuta macho, na hapo nikadhani siku imekwisha na nimeivuka salama.

Bi Nyange akanigeukia. Akauliza kwa upole vile vitambaa viko wapi, vya uzi mweupe, ua katikati, maana makochi yamerudi kwa Hozza lakini vitambaa ni vyangu, havikuwa na haja ya kwenda nayo. Nikamwambia nimevifua, havijakauka. Akasema haya. Kisha akamwomba Semboja afungue milango ya gari na kuwasha redio, kwa kuwa sherehe imepatikana na yeye anapenda taarabu. Gari lilikuwa limeegeshwa dirishani kabisa. Semboja, sasa ameruhusiwa kusema na anacheka mwenyewe kama mwehu, akakimbia kuiwasha.

Nyimbo mbili zikapita. Ya tatu ikakatika katikati.

"Semboja, hapa ni Mama Ntimba, mke wa mwalimu. Mwambie shangazi yako Makiya anirudishie vitambaa vyangu leo leo. Na asivifue, atavichakaza. Yeye hata sindano ya kufumia hajui inavyoshikwa."

Bi Nyange alinitazama. Mzee Kupaza alinitazama. Wifi, pazia shingoni, alinitazama.

"Bi Makiya," akasema Bi Nyange, "huyu naye yumo kwenye mchezo?"

Nilifungua kinywa changu mwenyewe, kile nilichozaliwa nacho, na kwa mara ya kwanza maishani hakikutoa kitu. Basi mama yenu akimsema mpangaji mjue anasema nini. Mtu au kitu ulichokiingiza jana ukakipa nafasi katikati ya nyumba, usidhani kitanyamaza kwa ajili yako. Hakikukua na wewe. Kinywa cha kupachikwa hakijui siri ya nyumba.

Mbona unakigeuza hicho kitambaa, Nasiba? Nimesema msikivute. Ndiyo, ni cheupe. Ndiyo, kina ua katikati. Maua yako mengi duniani. Hayo ya pembeni ni mapambo tu, si maandishi. Haya soma basi, si mmepelekwa shule.

Nasiba kasoma yote, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kufika jikoni: "Mali ya Mama Ntimba."