Jani la Radhi la Baharia Stamati

"Mng'oa sale huomba jani kwa aliyeng'olewa." Ndivyo shangazi yenu alivyosema asubuhi hii, Elirehema alipomvunjia dada yake jembe, kisha akaenda kuazima jingine kwa dada huyo huyo. Nyote mmecheka, wala hakuna aliyejua anacheka nini. Basi menyeni ndizi huku mkisikiliza. Methali hii ilianzia hapa nyumbani kwetu, na aliyeianzisha ndiye aliyetuachia pua hizi ndefu.

Babu yangu Stamati alikuwa baharia wa Kigiriki, na bahari ilikuwa imemchosha. Baba yake alifia melini, akashonewa ndani ya tanga, akatupwa majini, na Stamati hakupata hata pa kusimama amlilie. Aliposhuka Tanga akaapa kwamba atakufa akiwa na udongo wake. Wakati ule Wajerumani ndio waliotawala, nao wakampa shamba huku mlimani. Walimpa kwa karatasi ardhi isiyokuwa yao, nami sitasema vingine eti kwa kuwa ni babu yangu.

Akaja na kamba ya meli, akaivuta moja kwa moja, na kila kilichosimama mbele ya kamba akaking'oa. Katika pembe moja palikuwa na mstari wa masale, mimea ile ya majani marefu. Yeye akaona magugu. Akayang'oa, akayachoma, akapanda miche ya kahawa.

Nyie mmezaliwa mnajua sale ni nini. Ndio mpaka wetu, ndio alama ya kaburi, na ndilo jani la radhi: ukimpelekea uliyemkosea jani la sale lililofungwa fundo, ni vigumu sana akukatae. Pembe ile ilikuwa kihamba, shamba la migomba la urithi, la mjane aitwaye Ndeonasia, na mumewe alikuwa amelala papo hapo, chini ya masale yale.

Wazee wakamfungia Stamati mfongo, mfereji wa maji ya mlimani. Jua likawa kali. Miche ikaanza kukunja majani, na bila miche ile hakuwa na jingine ila kurudi baharini. Walowezi wenzake wakamshauri alete askari wenye viboko. Bahati yetu, alikwenda kwanza kwa mzee wa mfongo, Meku Kileo, kuuliza kisa.

"Umeng'oa kaburi la watu," Kileo akamwambia. "Chukua sale, nenda kamwombe radhi mjane."

"Sale ndiyo nini?"

Kileo akamwonyesha lililoota kando ya mlango wake. Stamati akashika kichwa. "Nipe jani la hilo, mzee."

"Hili ni la ukoo wangu, na mimi hujanikosea. Yako si umeyachoma?"

Akazunguka nyumba kwa nyumba, hakuna aliyempa. Mwisho akafika kwa Ndeonasia mikono mitupu, kofia kifuani. Mjane alikuwa anakatakata migomba ya ng'ombe, hakuinua uso. Kiswahili alikijua kile cha kuwauzia wapagazi ndizi. Cha Stamati kilikuwa cha bandarini.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Sale sina, nimeyachoma yote."

"Sasa utaniombaje?"

"Naomba unipe wewe jani, nikuombee radhi nalo."

Majirani waliokuwa wakichungulia wakaangua kicheko. Ndeonasia hakucheka. Akamwuliza, "Baba yako amelala wapi?"

"Majini. Hana kaburi, mama. Ningekuwa na jani moja tu la kunionyesha alipo, nisingemwachia mtu aliguse." Na pale pale, mbele za watu, yule baharia akalia.

Mjane akainuka, akaenda mlangoni, akakata jani, akampa. Stamati akalifunga fundo, akapiga magoti, akamrudishia. Ndeonasia akataka kulifungua, kuonyesha kwamba amekubali. Likakataa, maana lilikuwa fundo la kibaharia. Akavuta, akajaribu kwa meno. Hapo naye akashindwa, akacheka.

"La jani halifunguki," akasema. "La moyoni limefunguka. Nenda, maji yatakuja."

"Aika, mae," Stamati akajibu. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza ya Kichaga: asante, mama.

Maji yakaja. Naye akaondoa miche katika pembe ile, akakirudisha kihamba, akapanda masale kwa mikono yake. Shamba lote hakurudisha, nisiwadanganye. Lakini baada ya miaka alimposa binti wa Ndeonasia, nyanya yangu, na alipofariki ukoo wa mjane ndio uliomkatia mahali pa kulala, kando ya masale yale. Udongo alioapa kuupata aliupata, safari hii akiwa amepewa na wenyewe.

Kila nipitapo pale namshukuru Ndeonasia. Angeweza kumwacha akauke pamoja na miche yake, na leo asingekuwapo hata mmoja wetu wa kumenya ndizi hizi.

Haya, Elirehema, weka kisu chini. Nenda kwa dada yako, na usianze na habari za jembe, anza na radhi. Usione haya kwenda mikono mitupu. Mng'oa sale huomba jani kwa aliyeng'olewa.