Nje Kila Plagi Huwaka

Nje kila plagi huwaka. Methali hii ilianza hivi, na anayetaka kunikatiza aende akachote maji kwanza. Bibi yenu kamwambia Lugano maneno hayo sasa hivi, baada ya Lugano kutueleza jinsi atakavyomkabili mwalimu mkuu kesho asubuhi, nanyi nyote mmecheka kana kwamba mmeelewa. Hamjaelewa. Mnadhani ni maneno ya mafundi wa gereji waliokosa kazi. Yalitoka kinywani mwa mzee mmoja wa milimani, na mimi nilikuwepo, mikono imejaa grisi na shati langu jeupe limeshaharibika.

Siku hizo nilikuwa dereva wa lori ambalo watu wa Tukuyu waliliita Mbogo. Halikuwa la dizeli kama haya mnayoyaona yakipita. Lilikuwa la petroli, injini ya silinda nane, limeachwa na wageni waliokuja kutengeneza barabara. Juu ya injini lilikuwa na supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda, kazi yake kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda ili injini ipate nguvu kuliko umbo lake. Ukikanyaga mafuta lilipiga mluzi hata kuku wakaingia ndani. Lilikuwa lori jema sana. Ubaya wake ni kwamba lilikuwa mikononi mwa mjomba.

Mjomba Anyosisye, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyekuwa fundi wetu. Na mjomba ni mjomba. Humwambii umekosea. Unamwambia, mjomba, labda tutazame tena. Naye hakuwa mtu wa kutazama tena. Mungu alimpa mikono yenye nguvu na masikio ya mapambo.

Sasa, mdogo wangu Lusekelo alikuwa amemposa Tumpe, binti wa Mzee Mwasomola wa Ndubi, kule juu kabisa mlima unakoishia. Mahari ilikuwa ng'ombe watano, na kwetu ng'ombe wa mahari hawapelekwi kwa ahadi; wanafika, wanaonekana kwa macho, wanaingia zizini. Mzee Mwasomola hakuwa na neno baya juu ya ukoo wetu. Alichosema ni kwamba kijana anaongea mno. Na kweli Lusekelo aliongea. Alimwahidi mzee kwamba Tumpe hatajua njaa, hatajua baridi, hata mvua itamwomba ruhusa. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni naona aibu. Lakini alimpenda yule msichana, hilo silikatai, na Tumpe alikuwa ameshawakataa wengine kwa ajili yake.

Wiki ya kupeleka ng'ombe lori likaanza kukohoa. Plagi zilikuwa zimechakaa. Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda. Pale nchani pana mwanya mdogo, na cheche huruka kwenye mwanya huo. Mjomba akaenda kwa Bi Enala, muuza spea pale sokoni, akarudi na plagi nane mpya, kauri nyeupe pe, kama zile alizomfungia jirani yetu kwenye gari lake. Uzi wa kufungia sawa, urefu sawa. Kisha akafanya wanavyofanya mafundi wote wa kwetu. Akaivika plagi waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche ikaruka ya bluu, ikalia ta-ta-ta, na watu waliosimama pale gereji wakapiga makofi. Mjomba akasema plagi nzima hiyo, akapima na nyingine zote vilevile huku amevimba kichwa.

Tukapakia ng'ombe. Kwenye tambarare Mbogo alikwenda vizuri mpaka nikaanza kuimba. Tukafika mlima wa Ndubi, nikakanyaga mafuta, mluzi ukapanda, na injini ikaanza kupiga chafya. Pa, pa, pa, kimya. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Ng'ombe walilia, Lusekelo alilia kwa maneno, na mwishowe tukarudi kinyumenyume hadi chini, jambo ambalo sitaki mtu wa ukoo huu alifanye tena.

Mzee Mwasomola akatuma ujumbe. Alisema atatusubiri Jumamosi, jua lisifike utosini. Ng'ombe wakishindwa mlima mara ya pili, kijana asisumbuke mara ya tatu. Tumpe naye akatuma wake kwa siri, kwamba baba yake hatanii.

Kuanzia siku hiyo mpaka Jumamosi sikulala vizuri. Nilimwambia mjomba, labda tutazame tena zile plagi. Akachomoa moja, akailaza juu ya injini, cheche ikaruka. Umeona? Nimeona. Akasema tatizo ni petroli, tukamwaga tangi na kulisafisha. Nikasema labda plagi. Akachomoa, akalaza, ikawaka. Akasema ni waya. Tukabadili waya. Akasema ni kabureta. Tukaifungua ikatapakaa mezani. Kila niliposema plagi, ilichomolewa plagi, ikawaka, nikanyamaza. Ungefanya nini? Kitu kinawaka mbele ya macho yako. Mwishowe alisema tatizo ni dereva, na hapo nilikwenda nyuma ya gereji nikaongea na ukuta.

Jumamosi tukaondoka mapema. Lusekelo alikaa katikati yetu amevaa suti, akitueleza atakavyomwambia mzee mbele ya watu wote kwamba mwanamume hapimwi kwa saa. Alilisema hilo tambarare nzima. Tukaanza mlima, nikakanyaga mafuta, mluzi ukapanda. Pa, pa, kimya. Palepale pa safari ya kwanza. Hata mawe yetu tuliyakuta.

Mjomba akashuka, akafungua boneti, akasema tusubiri ipoe achomoe plagi. Alikuwa na haki hapo, maana kichwa cha injini ile kilikuwa cha aluminiamu, ukichomoa plagi kikiwa cha moto unatoka na uzi wake. Basi tukasubiri, jua linapanda, ili tuone tena kile tulichokuwa tumekiona wiki nzima. Ikapoa. Akachomoa, akalaza, nikapiga stata, ikawaka. Mjomba akanigeukia na uso wa ushindi, na mimi nilitamani kulia.

Akatoa sigara akitaka kuivuta kwa raha. Kule mlimani kuna upepo. Akawasha njiti, ikazimika. Akawasha nyingine, ikazimika. Akautukana upepo. Nikabaki nimeutazama ule mkono wake, na kitu kikanigonga kichwani.

"Mjomba," nikamwambia, "kiberiti hicho ni kizima?"

"Kizima. Nimekinunua jana."

"Mbona hakiwaki?"

"Huoni upepo?"

"Na ndani ya injini hii, ile pampu inasukuma nini?"

Akaitazama plagi, akaitazama supachaja, akairudisha sigara mfukoni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayekumbuka jambo dogo lisilo na maana:

"Yule mama wa dukani alisema kitu kama hicho."

"Alisema nini, mjomba?"

"Aliniuliza kama injini ina supachaja. Nikamwambia inayo. Akasema basi inataka plagi za baridi, zile zisizotunza moto nchani, na mwanya wake ufinywe, la sivyo hewa ikisukumwa itaipuliza cheche."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia plagi ni plagi."

Watoto, kuna siku adabu inakuwa mzigo. Nilitembea mpaka kwenye kona ya barabara, nikageuka, nikarudi. Tangi tumesafisha, waya tumebadili, kabureta tumeitapanya mezani, kumbe aliambiwa dukani siku ya kwanza! Lusekelo alitaka kusema neno nikamwambia afunge mdomo ashike ng'ombe.

Plagi za baridi hatukuwa nazo na dukani ni mbali. Mwanya tungeweza kuufinya, hilo lingetufikisha juu. Hatukuwa na kipimo. Kwenye sanduku la vifaa mlikuwa na kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, chembamba, nikaona kinafaa. Nikaichukua kila plagi, nikaigonga ncha yake taratibu mpaka msumeno ukapita kwa kubana kidogo, bila kulegea. Zote nane. Mjomba alisimama nyuma yangu akisema nimezibana mno, cheche itakuwa ndogo. Nikamwambia ndiyo, iwe ndogo, lakini isizimike.

Kuzirudisha nako kulikuwa na kazi yake. Nilikata kipande cha mpira wa bomba la petroli, nikauvika kichwani mwa plagi, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikakaa yenyewe kwenye uzi wake. Mpira ukikataa kuzunguka, unajua plagi imekwenda upande, unaanza upya. Kisha spana, kidogo tu. Mjomba akaishika spana akataka kuininginia kwa uzito wake wote, kama anafunga boliti ya daraja. Nikamnyang'anya. Mimi, mtoto wa dada yake, nikamnyang'anya mjomba spana mkononi. Alikwenda akakaa juu ya jiwe akaitazama barabara.

Nikawasha. Nikakanyaga mafuta, mluzi ukapanda, nikakaza meno nikisubiri chafya. Haikuja. Mbogo aliupanda mlima wa Ndubi analia kama ametukanwa, ng'ombe wanayumba nyuma, na hatukusimama mpaka kwenye lango la Mzee Mwasomola. Lakini jua lilikuwa limeshapita utosini.

Mzee alikuwa amesimama langoni, na ukoo wake wote nyuma yake. Tumpe alikuwa mlangoni kwa mama yake, uso umemshuka. Tukapiga magoti, tukasalimia. Mzee akauliza tu kwa nini tumechelewa. Nilimtazama Lusekelo, maana ndiye aliyekuwa na hotuba. Lusekelo alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Maneno yote ya tambarare yalikuwa yamekwisha.

Akajibu mjomba. Akaeleza habari ya plagi, na bado, pale mbele ya wakwe, alikuwa anajitetea. Alisema plagi zilikuwa nzima, alizipima kila siku kwa mkono wake, na kila alipozitoa nje ziliwaka. Watu wote wa Tukuyu walikuwa mashahidi.

Mzee Mwasomola alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nje kila plagi huwaka, shemeji."

Hakuna aliyecheka. Mzee alikwenda akawazunguka ng'ombe, akawatazama meno na kwato, akamwagiza mtu awaingize zizini. Mimi nikaanza kushusha pumzi. Mzee akarudi akasimama mbele ya Lusekelo.

"Ng'ombe nimewapokea," akasema. "Wewe bado. Uliyoniambia ukiwa umekaa kwenye kiti, ukila kuku wangu, yalinipendeza. Lakini ulikuwa nje. Mwanangu ataishi nawe ndani, siku ya njaa, siku ya ugonjwa, siku mnapochukiana. Hapo sijakuona."

Mvua ilikuwa inakuja. Nyinyi mnaijua mvua ya kule, haina mzaha, na wingu lilikuwa limeshafunika migomba ya mzee upande wa bondeni. Nilitegemea Lusekelo aanze. Nilitegemea ahadi nyingine, kiapo, jina la Mungu. Nilishajiandaa kuona aibu.

Lusekelo alivua koti la suti, akanipa. Akavua viatu, akakunja suruali.

"Jembe liko wapi, baba?" akauliza.

Mzee akamwonyesha. Mvua ilimkuta katikati ya shamba na hakurudi ndani. Sisi tulikuwa barazani tunakunywa chai, mjomba amekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Lusekelo alilima. Alilima kesho yake na siku zilizofuata, mpaka mvua za mwaka ule zikaisha, na hakuna mtu wa Ndubi aliyewahi kunisimulia neno alilosema shambani. Jioni ile ya kwanza, giza linaanza kuingia, Mzee Mwasomola alinyanyuka kwenye kiti chake, akachukua jembe la pili, akashuka bondeni kwenye mvua, akashika mstari wa pili pembeni ya mkwewe.

Nje kila plagi huwaka.